Mbuzi wa Kwanza

Mathe hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe, ingawa alichinja wa wengine. Hakuwa na mtoto wa kiume, wala meno mawili ya juu upande wa kushoto, wala friji ya kutunzia nyama iliyobaki jioni, wala mlango wa duka uliofunga bila kupigwa teke. Cheti chake cha pekee kilikuwa kadi ya ubatizo. Tena, kwa miaka sita hakuwa na tumbo zima: chini, upande wa kulia, palikuwa na uvimbe wa ngiri ambao ulianza kama yai la kuku, ukawa kama embe, na siku alizoinua nguruwe ulifikia ukubwa ambao mkewe hakutaka kuulinganisha na kitu chochote kinacholiwa. Na alikosa woga. Hilo la mwisho alilisema mwenyewe, mara nyingi, bila kuulizwa.

"Mutu mwenye anashika kisu kila siku, ataogopa kisu?" aliwaambia wateja wake. "Minajua tumbo kuliko dokta. Dokta anafungua moja, anaenda kupumzika. Mimi ninafungua tano mbele ya chai."

Mkewe Kavuo, ambaye majirani walimwita Mama Victoire kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Beni, alisikia maneno hayo akikwangua meza ya nyama kwa kisu butu. Alikuwa ameyasikia miaka sita.

Katika machinjio ya mtaa wao, pale Butembo, Mathe alijulikana kwa jambo moja. Alikuwa ametundika shitingi, lile turubai jeupe la wakimbizi, kati ya mti wa kufungia mbuzi na jiwe la kuchinjia. Wachinjaji wenzake walimcheka. Waliuliza kama mbuzi wake ni masista wa kanisa hata wawekewe pazia. Mathe aliwajibu kwamba mbuzi anayemwona mwenzake akianguka, moyo unampanda na nyama inakuwa ngumu. Watu walinunua kwake, kwa maana nyama yake ilikuwa laini kweli.

Basi mwaka huu ikaja ile waliyoiita wiki ya ngiri. Daktari mmoja wa Beni, jina lake Ézéchias, alikuja katika hospitali ndogo ya kilimani ili kupasua ngiri wiki nzima, kwa bei ambayo hata muuza viazi angeiweza. Victoire alituma malipo kwa simu na kumwambia baba yake asikatae. Mathe hakukataa. Hilo ndilo lililowadanganya wote.

Jumatatu alikwenda kuandikishwa. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Christa, msichana mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Alimpandisha Mathe kwenye mizani, akampazia sauti mwenzake aliyekuwa akiandika kule mwisho wa ukumbi:

"Kilo makumi tano na munane."

"Pamoja na kichwa na miguu?" Mathe akauliza.

Christa hakucheka. Hakujua kwamba ni swali la kazi. "Kesho asubuhi tutanyoa hapo chini, papa," alisema, mbele ya watu. "Mutaoga muzuri. Na tangu leo jioni hapana kula, hapana kunywa. Tumbo ibakie wazi."

"Wazi," Mathe akasema.

"Wazi kabisa."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea nyuma, akitazama chini. Kavuo alidhani amechoka na jua.

Yeyote aliyelaza mgonjwa kwetu anajua kwamba hospitali hutoa kitanda, yaani vyuma vyake, na mengine huja na mgonjwa. Jumanne asubuhi Kavuo alibeba godoro kichwani. Mkononi alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo sufuria, sabuni, blanketi na wembe mpya. Mgongoni, palipokaa Victoire zamani, alifunga mbabula, lile jiko la makaa, kwa kikwembe cha zamani. Mathe alitembea mbele akiwa amebeba mwavuli.

Pale kwenye kona, Mbusa, kijana muuza vocha za simu, aliwaona.

"Mama Victoire, munahama?"

"Tunaenda ku hospitali."

"Na matela?" akauliza, akionyesha godoro.

"Yao ni vyuma tupu."

"Mungu atawasaidia," Mbusa akasema, na alimaanisha.

Kabla ya saa sita mchana Kavuo alipita tena kwenye kona ile ile, godoro kichwani, mbabula mgongoni. Mbusa alitoka chini ya mwavuli wake ili aone vizuri.

"Munarudi? Amekwisha kupasuliwa?"

"Amekunywa uji," Kavuo akasema, akapita.

Ilikuwa hivi. Wagonjwa walikuwa wamepangwa kwenye benchi moja refu, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Christa alipita akiuliza kila mmoja swali lile lile.

"Papa Mathe, mulikula kitu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sijakula. Nilikunywa tu uji."

"Uji? Saa ngapi?"

"Asubuhi hii. Bakuli mbili."

"Papa, uji ni chakula."

"Uji?" Mathe aligeukia benchi zima. "Bandugu, uji ni chakula?"

Benchi lilifurahi kupata la kuzungumza. Mzee mmoja wa Eringeti alisema kwamba mtu asiyekula obundu, ule ugali wetu wa muhogo, hata akinywa pipa la uji, hajakula; jambo hilo linajulikana. Mwingine alisema mtoto mchanga anaishi kwa uji na ananenepa, kwa hiyo ni chakula. Mzee wa Eringeti akamwuliza kama yeye ni mtoto mchanga. Wakati huo Christa alikuwa amekwisha kulikata jina la Mathe kwa kalamu.

Daktari Ézéchias alitoka, kofia ya kijani kichwani, akamweleza polepole. Dawa ya usingizi inalegeza kila kitu. Kilichomo tumboni kinapanda kooni, kinashuka kwenye mapafu.

"Tutakuwa tumeponya ngiri na tumekupoteza wewe," alisema. "Rudi siku ya ine, Alhamisi. Ni ya mwisho. Siku ya posho, Jumamosi, minarudia Beni. Na ujue, papa, hii ngiri siku moja itatoka, itakataa kurudi. Utumbo utakufa mule ndani. Hapo hautapata hata muda wa kutafuta pikipiki ya kukupandisha huku."

Siku ile Kavuo hakukasirika sana. Na yeye alilelewa akijua kwamba asiyekula obundu hajala. Alihesabu jambo lile kuwa ujinga wa wote.

*

Jumatano akaja Berthe, dada mkubwa wa Mathe, kutoka Kasugho. Alisikia kwamba ndugu yake anakatwa, akapanda gari na kuku hai na kifurushi cha unga wa muhogo. Kwa watu wetu mtu hapelekwi kwenye kisu bila damu yake kuwa karibu. Kavuo alimpokea vizuri, akamweleza masharti ya daktari, na jioni, kila mtu alipomaliza kula, alizima moto kwa maji. Majivu yalilia, na wote watatu waliyatazama.

Alhamisi Kavuo alitangulia mapema, godoro kichwani, kwa sababu anayetandika kwanza ndiye anayepata kitanda cha dirishani, na wa mwisho hulala karibu na choo. Mathe angefuata kwa pikipiki.

"Munapanda tena," Mbusa alisema.

"Tunapanda tena."

Mathe alifika kwa wakati. Alikuwa ameoga, amevaa shati la Jumapili. Akaketi kwenye benchi, wa tatu kutoka mlangoni, karibu na yule mzee wa Eringeti ambaye naye alirudishwa Jumanne kwa sababu ya kikohozi. Mlango ulikuwa mbele yao kabisa. Ulipofunguka, kilitoka kitanda cha magurudumu na mtu juu yake, amefunikwa hadi shingoni, mdomo wazi, ulimi umeegemea upande, na nyayo zake mbili zikichungulia kwenye mwisho wa shuka. Kikapita. Mlango ukafungwa. Akaitwa mwingine. Mathe alitazama nyayo zile mpaka zilipokata kona.

Kavuo alikuja kuketi kando yake, amefurahi na kitanda chake cha dirishani. Hapo akasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Kwanza alidhani inatoka jikoni kwa wanaouguza wagonjwa. Kisha akatazama chini.

"Baba Victoire, nipe mukono."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwekundu wa mawese.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya baisikeli."

"Uko na baisikeli?"

Mathe aliurudisha mkono wake mfukoni. Mlango ukafunguka, Christa akatoa kichwa, akaita: "Mathe."

Mathe akasimama. Na wengine wangenyamaza, kwa maana mwanamke hamwangushi mumewe mbele ya watu. Kavuo naye alisimama.

"Mademoiselle," alisema, "huyu amekula."

"Anasema bongo, si kweli," Mathe akasema.

"Amekula sombe na mawese, na kama minamujua, amekula na kuku. Musimulaze."

Watu wa benchi waliinamisha macho. Mzee wa Eringeti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa kwamba nafasi imebaki wazi. Aliinuka, akaingia kwenye chumba kile karibu kwa mbio, kabla mambo hayajageuka tena.

Kwenye kona, Mbusa alifungua kinywa.

"Mbusa," Kavuo alisema, "leo usiniongeleshe."

*

Berthe alikuwa uani akichambua maharage. Kavuo aliweka godoro chini, akasimama mbele yake huku ameshika kiuno.

"Yaya, wewe ni dada mukubwa, minakuheshimu. Lakini moto nilizima mimi mwenyewe."

"Na mimi nikauwasha," Berthe akasema bila kuinua macho.

"Yaya unataka afe?"

"Ngoja. Ni yeye aliniomba. Ulipotoka tu, akaniambia, yaya, nipikie kama vile mama alikuwa ananipikia. Ningekataa? Mutu mwenye anaenda kukatwa?"

"Haukumbuki dokta alikataza?"

"Alisema dokta amebadilisha. Alisema ni wewe bibi yake tu haujapata habari."

Kavuo alizunguka nyumba. Mathe alikuwa nyuma, anakinoa kisu ambacho kingekata unywele.

"Unasemea dada yako mukubwa bongo," alimwambia. "Mutu mwenye alikubeba mugongoni."

"Na wewe umenihaibisha mbele ya batu."

"Ningekuacha ufe na heshima?"

Kisu kiliendelea kwenye jiwe.

"Juu ya nini ulikula?"

"Nilisikia njaa."

"Njaa." Kavuo alisogea karibu na jiwe. "Mutoto wako alituma makuta ya kulipa dokta. Mimi nimepanda ile kilima na matela mara mbili, mara mbili nimeshuka. Kuna batoto pale njiani banahesabu sasa. Na wewe ulisikia njaa."

Alimpigia Victoire simu. Victoire alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mama, mumufunge kamba."

Ijumaa Kavuo alipanda peke yake, safari hii bila mzigo, kuomba msamaha ambao si wake. Alingoja ukutani mpaka alipomkuta daktari amesimama kwenye varanda, anakula karanga kutoka kwenye mfuko wa koti lake.

"Mama, mimi siwezi tena hapa," daktari alisema. "Leo ninamaliza bale nilianza. Lakini Beni ninapasula kila wiki. Alete barua."

"Nitaandika leo hii, dokta."

"Si wewe. Yeye. Kwa mukono wake. Aseme juu ya nini alikula mara mbili. Niko na nafasi kidogo, na batu banangoja. Sitaki mutu mwenye atakula mara ya tatu, na bibi yake hayuko pale kumusemea."

Alimmiminia karanga kiganjani, labda kwa huruma. Kavuo hakuwa na la kufanya nazo ila kuzila, moja moja, akishuka mlima.

Mathe aliposikia habari ya barua, alicheka kwa pua. "Kama mwanafunzi mwenye alichelewa? Mimi, na hii mvi?"

"Kama mwanafunzi."

"Sitaandika."

"Basi usiandike," Kavuo akasema. Wale waliokaa katika ndoa wanajua kwamba neno hilo, likisemwa polepole, ni zito kuliko matusi.

*

Jumamosi ni siku ya nyama. Watu walijaa dukani tangu asubuhi, na Sadrack, dereva wa teksi za kwenda Beni, aliegemea mlango akingoja ini lake la kila wiki. Nusu ya nguruwe ilikuwa chini, kwenye gunia safi. Kavuo alisema wangoje mtu wa kusaidia. Mathe alisema amekwisha kungoja wiki nzima. Akainama, akaikumbatia nusu ile, akaiinua mpaka kwenye ndoano.

Ndoano ilishika. Mathe naye alibaki amesimama vile vile, mikono juu, kama anayeimba kanisani. Kisha uso ukawa na rangi ya majivu, na sauti iliyomtoka haikuwa neno.

Hapakuwa na mahali pa kumlaza ila kwenye meza. Sadrack alimshika mabega, Kavuo miguu; wakasukuma figo na utumbo upande mmoja, wakamweka chali kwenye mbao zile zenye alama za kisu chake. Uvimbe ulikuwa mgumu kama goti.

"Inua miguu yake," Kavuo alimwambia Sadrack. "Juu. Juu zaidi. Baba Victoire, hapana kusukuma. Pumua kama mutu mwenye analala."

Akaloanisha kitambaa, akakiweka pale, akaanza kubonyeza kwa viganja, taratibu, kama mtu anayekanda. Miaka sita ilikuwa imemfundisha. Lakini miaka yote sita uvimbe ulikuwa ukitii, na sasa haukutii. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Mama mmoja alinong'ona kumwuliza mwenzake kama nyama ya leo bado itauzwa.

"Gari yangu iko hapo inje," Sadrack alisema kwa sauti ya chini. "Mama, niwashe?"

"Ngoja."

"Mama Victoire, dokta yuko njiani, anarudia Beni."

"Minajua. Ngoja."

Mathe alitazama ndoano zilizo juu yake. Alikuwa hajawahi kuziona kutoka chini. Jasho lilimwingia masikioni.

"Hata mimi," alisema, "hata mimi siwezi kufanya ile kwa mbuzi."

"Nyamaza. Pumua."

"Benchi. Baliniweka mbele ya mulango."

Kavuo hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Alibonyeza. Mara kitu kilisogea chini ya viganja vyake, kikanguruma kidogo, kikateleza ndani. Mathe akafumba macho. Sadrack akashusha miguu yake mmoja mmoja, kwa heshima, kama mtu anayeweka mayai.

Kavuo aliwageukia wateja. "Nyama itauzwa," alisema. "Mungoje kwanza nioshe meza."

*

Walipofunga duka alimketisha kwenye kigoda, naye akaketi mbele yake, magoti yakigusana.

"Sasa sema. Mbuzi gani?"

Mathe aliinua macho kwenye ndoano.

"Balinipima kilo," alisema.

"Banapima batu bote."

"Balisema batanyoa. Balisema nioge. Balisema tumbo ibakie wazi." Aliinua kidole kwa kila kimoja. "Mama Victoire, mimi ninafanya nini jioni? Ninazunguka, ninasema, hii ya kesho hapana kuipa majani. Tumbo ibakie wazi. Na kama mutoto wa mutu ameipa majani, ninafanya nini asubuhi?"

Kavuo alijua. Aliishi na kazi ile tangu alipoolewa. "Unairudisha ku kamba."

"Ninairudisha ku kamba. Mwenye amekula, hachinjwi ile siku."

Kavuo alimtazama mwanaume huyu mwenye mvi, aliyewaambia wateja kwa miaka sita kwamba hajui woga, na ambaye mara mbili alikula ili arudishwe kwenye kamba. Alitaka kucheka. Alitaka vilevile kumpiga kwa kitambaa kilichokuwa mkononi. Alikuwa amechoka mno kwa yote mawili.

"Ungesema."

"Kwa nani? Kwa ule mutoto mwenye hakucheka?"

"Kwa mimi."

"Wewe ulikuwa unabeba matela," Mathe akasema. "Nilikuwa ninakuona nyuma yangu, unabeba matela. Ningesema nini?" Akajipangusa uso. "Ile siku ya uji nilisema, ni ujinga tu, itapita. Lakini siku ya ine baliniketisha pale, mulango mbele ya macho. Banatoka ulimi inje. Banapita. Banaita mwingine. Mimi niliwekea mbuzi shitingi, Kavuo. Mbuzi."

Hakuwa akimwita kwa jina lake mara nyingi. Kavuo alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kesho kisha misa utaandika," alisema.

*

Jumapili, sahani zilipoondolewa mezani, likabaki bonge moja la obundu ambalo hakuna aliyelitaka. Kavuo aliweka karatasi, kalamu na bahasha. Berthe alileta kiti chake karibu; hakualikwa, lakini barua ilimhusu. Mathe alikuwa ameacha shule mwaka wa tatu, na aliandika kama mtu anayechonga jiwe, akisema kila neno kabla ya kuliweka.

"'Monsieur le Docteur. Ninakusalimu kwa jina la Bwana. Nilikula mara mbili kwa sababu dada yangu mukubwa…'"

"Andika tu," Berthe alisema. "Na mimi nitatafuta karatasi, niandike yangu."

Mathe alikata mstari.

"'…kwa sababu ya desturi yetu, mugeni akikuletea chakula…'"

"Desturi gani?" Kavuo akauliza. "Ya kupikiwa mboga ya bwizi kisha bibi ametoka?"

"Kama munajua kuandika, mukamate kalamu."

"Dokta alisema mukono wako."

Alikata tena. Karatasi ya kwanza ikaisha kwa kukatwa, wakatoa ya pili. Mara hii hakusema maneno kwa sauti. Aliegemea meza, mkono wa kushoto ukiificha karatasi kama mtoto darasani, na wanawake wawili walibaki wakitazama paji lake la uso. Alipomaliza, aliisukuma kwa Kavuo bila kumtazama. Kavuo akasoma:

*Dokta. Nilikula mara mbili kwa sababu niliogopa. Mimi ni muchinjaji, na ile munafanyia batu mbele ya kuwapasula ni ile mimi ninafanyia mbuzi. Jumamosi ngiri ilikataa kurudi, bibi yangu aliirudisha na mikono. Sitakula tena. Ninaomba kitu kimoja. Uniingize wa kwanza asubuhi, mbele mutu mwingine hajatoka. Kama haiwezekani, muniketishe nyuma ya ukuta. Kama ukuta hakuna, muweke shitingi mbele ya benchi. Ninaweza kuleta yangu. Mathe.*

Kavuo alisoma mara mbili. Berthe, asiyejua kusoma, aliuliza inasema nini.

"Inasema anaenda," Kavuo akajibu.

Akachukua kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: *Mimi bibi yake nitalala mbele ya mulango wa jikoni.* Akaikunja.

Bahasha ilikuwa imekaa kabatini tangu mvua za mwaka jana, na gundi yake ilikuwa imekufa. Kavuo aliilamba mara mbili, ikafunguka mara mbili. Ndipo Mathe alipomega kipande kidogo cha obundu, akakisaga kati ya vidole mpaka kikalainika, akakipaka kwenye ukingo wa karatasi, akabonyeza kwa gumba lile lile la mawese. Ikashika. Akabaki na kidogo kidoleni. Akakitazama, kisha akamtazama mkewe.

"Kula," Kavuo alisema. "Leo kula yote. Siku dokta atatuita, nitafungia hata gundi."

Mathe akavuta sahani, akala.

Jumatatu asubuhi Kavuo alishuka kwenye maegesho ya magari. Sadrack alikuwa amekwisha kujaza abiria na alikuwa akisikiliza habari za njia kwa wenzake waliotoka Beni; njia ilikuwa wazi. Aliipokea bahasha, akaiweka juu ya kioo, nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua, pamoja na karatasi zake za kuwaonyesha askari.

"Mu mukono ya dokta mwenyewe," Kavuo akasema. "Si kwa muguzi. Si kwa sentinele wa mulango."

"Mama, mimi nilishika miguu yake," Sadrack akajibu. "Nitaifikisha."

Gari lilipanda barabara ya Beni, likapotea nyuma ya vumbi la malori ya mbao. Kavuo alirudi nyumbani mikono mitupu, akipita kwenye kona. Mbusa alimtazama juu mpaka chini, akatafuta kitu kilichopungua.

"Mama Victoire, na matela?"

"Barua imetangulia," Kavuo alisema. "Matela itafuata."